Kikohozi cha Mama, Vidonge vya Presha na Nyoka wa Brazili

Mama yangu anakaa Wete, mimi nasomesha bayolojia skuli moja mjini Unguja, kwa hiyo kikohozi chake nilikijua kwanza kwa simu. Maneno mawili, anakohoa. Maneno mawili mengine, anakohoa tena. Hana homa, hatoi kohozi, kifua hakimbani, ila koo linamwasha mchana kutwa, na usiku ndio balaa zaidi.

Kila mtu alikuwa na lake. Jirani alisema ni vumbi la karafuu, maana ulikuwa msimu, watu wanachambua vikonyo mpaka usiku na majamvi yameanikwa hadi mlangoni. Dada alileta asali na tangawizi. Duka la dawa walimpa dawa ya maji ya kifua, chupa ikaisha, wakampa nyengine, kisha wakamwongezea antibaiotiki. Mimi nilishikilia jambo moja tu: kikohozi kikishapita wiki mbili, mtu anapimwa TB kwanza. Akapimwa, akapigwa na picha ya kifua, hana kitu. Akarudi nyumbani na karatasi ya majibu mazuri, na kikohozi chake vilevile.

Nilipovuka kwenda Pemba kwa likizo, nilimwomba anitolee kila dawa anayotumia. Dawa zake zinakaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Mlikuwa na vidonge vya maumivu, mafuta ya kuchulia, na boksi la kaptoprili, dawa yake ya presha. Nilipokitoa kidonge kimoja harufu ikanipanda puani, harufu ya yai viza. Mama akasema ndivyo zinavyonuka siku zote, naye akidhani zimeharibika akawa anazimeza kwa kujikaza. Kumbe molekuli ya dawa hiyo ina salfa, ndiyo inayonuka. Ndani ya boksi mna kile kikaratasi cha maandishi ya sisimizi ambacho hakuna anayekisoma. Nikakisoma. Kwenye madhara wameandika wazi: kikohozi kikavu.

Nikaitazama kadi yake ya kliniki. Kikohozi kilianza miezi michache baada ya kuandikiwa dawa. Sasa nikataka kujua vipi dawa ya mishipa ya damu imkohoze mtu, na huko ndiko nilikokutana na nyoka.

Nyoka mwenyewe anaitwa jararaka, wa Brazili, jamaa yake kifutu wa bara. Akimuuma mtu, mahali pale panavimba, damu inashindwa kuganda, na presha inaweza kuanguka vibaya. Mwishoni mwa miaka ya 1940, mjini São Paulo, Maurício Rocha e Silva na wenzake waliichanganya sumu hiyo na damu, wakaona kuna kitu kinachozaliwa kutoka kwenye damu yenyewe, kinachotanua mishipa na kushusha presha. Wakakiita bradikinini. Hili lilinishangaza kuliko yote: sumu inaufanya mwili wako mwenyewe utoe kitu cha kukuangusha.

Mwaka 1965 Mbrazili mwengine, Sérgio Ferreira, alionyesha kwamba sumu hiyohiyo ina kitu cha pili, kinachoizuia bradikinini isivunjwe. Aliichukua mpaka London kwenye maabara ya John Vane. Baadaye ikafahamika kwamba kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini, kinachovunja bradikinini ndicho hichohicho kinachotengeneza anjiotensini, ambayo hubana mishipa na kupandisha presha. Ukikizuia hicho kimoja, presha inashuka. Shida ikawa kitu kilichotoka kwenye sumu kilifanya kazi kwa sindano tu. Ukikimeza tumbo linakimeng'enya. Ndipo David Cushman na Miguel Ondetti, wa kampuni ya Squibb ya Marekani, walipotengeneza maabara molekuli ndogo ya kukizuia kimeng'enya hicho, inayomezeka. Hiyo ndiyo kaptoprili, na Marekani iliruhusiwa kutumika mwaka 1981.

Kikohozi kinatoka palepale. Kimeng'enya hicho kimejaa kwenye mapafu. Kikizuiliwa, bradikinini inarundikana, na inavyoelezwa ndiyo inayoziwasha neva za njia ya hewa. Kati ya watu 100 wanaotumia dawa za jamii hii, kama 5 mpaka 20 wanakohoa, wanawake zaidi. Wengine huanza siku za mwanzo, wengine baada ya miezi, ndiyo maana mtu hafikirii kukilaumu kidonge. Ukitaka kuzijua dawa zenyewe, tazama boksi: majina yake yanaishia na "pril".

Nikamweleza mama. Akanitazama, akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo muda wote huu mnanilisha nyoka?"

Hapo ndipo nilipopata kazi hasa. Nilimwambia hamna nyoka ndani, hamna hata tone. Watu walisoma namna sumu inavyofanya kazi, kisha wakatengeneza chao kwa kemikali. Akakubali nusu. Nusu ya pili alitaka kulitupa boksi usiku uleule. Nikamwomba asiache hata kidonge kimoja mpaka tumuone daktari, kwa sababu kikohozi kinamkera tu, lakini presha ikiachwa ipande inaweza kumletea kiharusi.

Barazani habari ilishafika. Mzee mmoja akauliza, "Basi mwenye presha akiumwa na nyoka si amepona?" Watu wakacheka, mimi nikaona nisiiache ipite hivyo. Nyoka hapimi dozi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuumwa na nyoka kunaua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na tangu 2017 wameliweka miongoni mwa magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Dawa yake ni seramu, inayotokana na damu ya farasi aliyechomwa sumu kidogokidogo mpaka mwili wake ukaunda kinga. Daktari Vital Brazil, hukohuko São Paulo, ndiye aliyeonyesha kwamba seramu ya nyoka wa aina moja haimsaidii aliyeumwa na aina nyengine. Basi ukiweza kumkumbuka nyoka rangi na umbo, mweleze daktari, lakini usimfukuze. Na hayo ya kuchanja kwa wembe, kunyonya na kufunga kamba mpaka mguu unabadilika rangi, yaacheni. Mtu atulizwe, avuliwe pete na bangili kabla hajavimba, mguu usitikiswe, apelekwe hospitali. Mzee akasema wao walikuwa wakifunga kamba. Najua, na mmoja wao mpaka leo anachechemea.

Asubuhi tulikwenda kwa daktari na kopo zima la biskuti, pamoja na majibu ya TB. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika tarehe mbili tu, ya kuanza dawa na ya kuanza kikohozi, na hiyo karatasi ilifanya kazi kuliko maelezo yangu yote. Daktari aliisoma, akamuuliza mama kama amewahi kuvimba midomo au ulimi, akasema hapana. Akatueleza kwamba hilo hutokea kwa nadra, linatokana na bradikinini hiyohiyo, na likitokea mtu hasubiri kuche, anakimbizwa hospitali. Kisha akambadilishia, akampa losatani, ambayo inaiachia anjiotensini itengenezwe lakini inaizuia isifanye kazi kwenye mishipa. Kimeng'enya hakiguswi, bradikinini inavunjwa kama kawaida. Akaagiza pia apimwe figo na potasiamu baada ya muda.

Alituonya kwamba kikohozi hakitakatika siku ya pili. Huchukua wiki moja mpaka nne, na wengine hata miezi mitatu. Onyo hilo lilitusaidia, maana wiki za mwanzo mama alinipigia akiniambia na hii nayo ni ya nyoka tu. Kilipungua usiku kwanza, halafu mchana, kisha kikaisha. Presha yake imekaa pazuri. Losatani tuliipata kwa bei ya juu kidogo kuliko kaptoprili, lakini anameza mara moja kwa siku badala ya mara tatu, na hilo mama amelipenda, kwa sababu kile kidonge cha mchana alikuwa akikisahau kila akienda shamba.