Waimbaji Wamekimbilia Mashambani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nilikusudia tuendelee na Waraka wa Yakobo pale tulipoishia wiki iliyopita, na Yakobo nitamgusa mbele kidogo, ila kuna jambo limenikaa kifuani tangu Jumanne, na nikiandika lingine nitakuwa nawadanganya.

Jumanne nilikuwa stendi ya Msamvu hapa Morogoro, naelekea Dodoma msibani. Wafiwa walinipigia asubuhi: sabufa ipo, nyimbo hakuna, njoo nazo. Nikaingia kwenye kibanda kimoja cha kuweka nyimbo, nikampa kijana flashi. "Za kwaya, mama? Elfu mbili naijaza." Nikamwambia jaza, za faraja ziwe nyingi. Kwenye kompyuta yake kwaya zilikuwa zimepangwa kwa miji: Dar, Arusha, Mwanza, Mbeya, mpaka za Kenya na Kongo. Hazikupita dakika kumi akaniambia tayari, nyimbo 214. Akafungua mmoja nisikie kama sauti iko safi.

Kikaanza kinanda, ikaingia sauti ya kwanza, kisha ya pili, na nikajikuta navuta pumzi pamoja nao pale pa kuvuta pumzi. Ilikuwa kwaya yetu. Nilikuwa mimi, mwaka 2003, na kina dada wengine watano mbele ya maikrofoni moja, studio Dar es Salaam. Kijana hakujua. Akasema, "Hii ya zamani mama, lakini kwenye misiba wanaipenda sana." Nikampa elfu mbili yake, nikamshukuru, nikapanda basi. Sikusema neno.

Tulipopita Dumila nikaanza kupiga hesabu. Elfu mbili kwa nyimbo 214 ni chini ya shilingi kumi kwa wimbo, na hizo kumi zote ni za kijana. Aliyetunga hana hata senti. Walioimba hawana. Na mimi niliyekuwa nimekaa pale na flashi mkononi ndiye yuleyule niliyelia mwaka 2003 tulipotendewa hivyohivyo.

Ngoja niwaeleze, maana wengi wenu mlikuwa bado watoto. Tulichanga miezi 14 ili turekodi. Tuliuza vitumbua kila Jumapili baada ya ibada, tukaenda kupalilia mashamba ya watu, sare mpya tukaiacha. Fedha ya studio ilipopungua mwishoni, mwalimu wetu wa kwaya, ambaye nyimbo zote kumi alizitunga yeye, aliuza cherehani yake. Ndiyo ilikuwa inamlisha. Tukatoka Dar na kanda 1,000 kwenye maboksi, tumezipakata ndani ya basi kama watoto. Bei ilikuwa shilingi 1,200. Wiki ya tatu kanda yetu ilikuwa sokoni kwa 500, karatasi ya nje imetolewa fotokopi, nyuso zetu nyeusi kama mkaa. Waliokuwa wakinunua hizo za 500 hawakuwa wapagani. Walikuwa washirika wenzetu, na walitupongeza: "Kanda yenu nzuri, tunabarikiwa!" Maboksi yaliyobaki yalikaa chini ya kitanda cha mweka hazina mpaka kanda zikaota ukungu. Mwalimu alifundisha mwaka mmoja mwingine, akarudi kwao Ifakara kulima mpunga. Hatukumwona tena kanisani kwetu.

Hayo nilikuwa nayajua yote nikiwa pale kibandani.

Nilipofika Dodoma nilimpigia kijana wetu mmoja wa fellowship anayesoma sheria. Nilitaka aniambie nimeiba au sijaiba. Akanijibu kwa upole, "Mama, kisheria hatuiti wizi. Wizi ni kuchukua kitu mwenyewe akabaki hana. Wimbo mwenyewe bado anao." Akanieleza kwamba sheria yetu, Namba 7 ya mwaka 1999, ile iliyoanzisha COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, inaita kuvunja hakimiliki, na haki hiyo mtunzi anakuwa nayo maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Akaniambia hata Marekani, mwaka 1985, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mtu aliyekuwa akisambaza santuri za Elvis Presley zilizotengenezwa bila ruhusa. Majaji wakasema zile santuri haziwezi kuitwa mali ya wizi kwa ile sheria aliyoshitakiwa nayo. Kosa la hakimiliki lilibaki palepale, lakini neno wizi waliliondoa.

Nakiri kwamba kwa nusu saa hivi nilipata nafuu. Nikajiambia, basi siyo ile amri ya "Usiibe".

Lakini usiku ule sikupata usingizi, na neno lililonijia halikuwa wizi. Lilikuwa dhuluma. Sisi Waswahili tunazijua hizi mbili na hatuzichanganyi. Mwizi anaingia ndani kwako usiku. Anayekudhulumu anakuacha ulime, unavuna, anakula, anakushukuru, halafu hakulipi. Jembe bado unalo. Mikono bado unayo. Ulichokosa ni ujira, na ujira haukuwahi kufika mkononi mwako ili mtu aseme umeibiwa. Hapo ndipo Yakobo 5:4 iliponikamata: ule ujira wa wavunaji uliozuiliwa kwa hila, Yakobo anasema unapiga kelele, na vilio vimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Wale matajiri hawakupora ghala la mtu. Walizuia tu. Na katika Walawi 19:13 Mungu ameweka kunyang'anya na kulaza ujira wa mfanyakazi mpaka asubuhi ndani ya mstari mmoja, kana kwamba Kwake hakuna hatua kati ya hili na lile.

Basi wanasheria waendelee na kazi yao njema ya kupanga majina. Mimi nimeshaona jina langu.

Najua mtakayoniambia, maana nilijiambia mwenyewe. Bando ni ghali. Kadi ya benki ya kulipia huko mitandaoni hatuna. Injili ni bure, Bwana alisema mmepata bure, toeni bure. Ndugu, fungueni Mathayo 10 palepale. Hilo neno liko mstari wa 8, na linaambiwa mhubiri, kwamba asiuze uponyaji. Haliambiwi msikilizaji kwamba amnyime mhubiri chakula. Shukeni mistari miwili tu, mstari wa 10: mtenda kazi astahili posho lake. Tumeushika wa 8 miaka yote, huu wa 10 tumeuruka.

Kuhusu bando sitawasimanga, kwa sababu hata mimi nanunua la siku. Ila mjue kuna njia isiyomdhulumu mtu. Ukisikiliza wimbo kwenye ukurasa wa YouTube wa kwaya yenyewe, ukivumilia na yale matangazo, kwaya inaweza kupata kitu, hata kama ni kidogo. Ukiuchomoa ukaugeuza faili na kulirusha kwenye makundi matano ya WhatsApp, hapo umeukata mrija. Mwaka 2013 TRA, mamlaka yetu ya mapato, walileta stempu za kubandika kwenye CD na DVD za muziki na filamu ili halali ijulikane. Lakini flashi haina stempu. Kati ya flashi na Mungu kuna dhamiri yako tu.

Sasa naomba mnisikilize kwa hili, maana ndilo hasa nililotumwa.

Nehemia 13. Nehemia alikuwa ameondoka Yerusalemu, amerudi kwa mfalme Artashasta. Anaporejea anakuta chumba kile kikubwa cha hekalu, kilichokuwa kinatunza sehemu za Walawi, waimbaji na mabawabu, kuhani Eliashibu amempa Tobia, mpinzani wa Nehemia, akae. Chakula cha waimbaji kimetoka, vyombo vya Tobia vimeingia. Halafu mstari wa 10: Walawi na waimbaji, waliofanya kazi, wamekimbia kila mtu shambani kwake.

Nimeusoma mstari huu mara nyingi maishani na sikuwahi kuuona. Waimbaji wamekimbia kila mtu shambani kwake! Hakuna aliyewapiga. Hakuna aliyewafukuza hekaluni. Hakuna aliyewaibia, mkitaka neno la mwanasheria wetu. Hawakupewa tu. Sifa za Mungu wa Israeli zikanyamaza, kwa sababu anayeimba ana watoto na watoto wanakula.

Na sikieni Nehemia anavyokemea. Hawagombezi waimbaji kwamba wamekosa moyo wa utumishi. Hawaambii wafunge na kuomba. Anawaendea wakubwa na kuwauliza, "Mbona nyumba ya Mungu imeachwa?" Kwake Nehemia mwimbaji akienda kulima kwa njaa, ni nyumba ya Mungu ndiyo imeachwa.

Mimi nawauliza ninyi viongozi, na ninawaheshimu, mchungaji ananijua. Tunaita kwaya kutoka mbali kwenye mkutano wa injili. Wanaimba juani tangu saa nane mpaka jua linazama. Tunawapa wali na soda moja moja, tunawaambia Mungu awabariki, na nauli ya kurudi wanachangishana wenyewe nje ya geti. Fundi mitambo wetu amewarekodi siku nzima, na kesho yake rekodi iko kwenye simu za usharika mzima. Tena tunawaambia, "Utumishi huo." Utumishi wa nani, na posho la nani? Mpiga rangi wa kanisa tulimlipa. Fundi wa mabati tulimlipa, na alipodai nyongeza tulimwongeza, maana tuliogopa mvua. Mwimbaji tu ndiye tunayemlipa kwa amina.

Ninyi vijana mnaosema kizazi hiki hakina nyimbo kama zile za zamani, mnazitaka zitoke wapi? Wenye kuzitunga wako mashambani. Wako kwenye bodaboda. Wako saluni wanasuka. Nyimbo walizozibeba wamebaki nazo, kwa sababu ile ya kwanza mlipoipenda mliimaliza. Mnapenda, sikatai. Mimi pia napenda, ndiyo maana nilijaza flashi. Lakini Daudi alipopewa bure kiwanja cha Arauna, na ng'ombe wa kuteketeza, na vyombo vya kupuria viwe kuni, alikataa. Alisema hatamtolea Bwana sadaka asiyoigharimia, akatoa shekeli hamsini za fedha. Alipewa na mwenyewe, kwa mkono wake, na bado alikataa! Sisi tunamtolea Bwana ibada yetu ya asubuhi jikoni, ibada ya msibani, ibada ya ndani ya gari, kwa sadaka iliyogharimiwa na cherehani ya mtu mwingine.

Hapo nikabaki na Zakayo, yule mtoza ushuru. Zakayo hakuishia kulia. Alisema aliyemdhulumu anamrudishia mara nne.

Alhamisi nilitafuta namba ya mwalimu. Ilipita kwa watu watatu, kwa binamu yake Kilosa ikapatikana. Nilipiga jioni, akapokea yuko bandani anapepeta mpunga, nasikia ungo. Nikamwambia, "Mwalimu, ni mimi, wa sauti ya pili." Akanyamaza, kisha akaniita, "Dada yangu." Nikaungama yote, stendi, flashi, elfu mbili. Nikamwambia nimehesabu nyimbo zake kumi kwa bei yetu ile ya 1,200 ya kanda nzima, mara nne, nimemtumia kwenye simu, asikatae kwa sababu simpi zawadi.

Hakukataa. Alikaa kimya kidogo, akauliza, "Ulisikia wimbo upi?" Nikamwambia. Akasema, "Niwekee." Nikaiweka simu karibu na redio ya jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Ubeti wa tatu sauti ya tatu walipanda mapema. Nilitaka turudie, ila studio ilikuwa inahesabu saa na fedha ilikuwa imeisha."

Wapendwa, nililia. Miaka yote hii, amelima, amezeesha mikono, na lile kosa dogo la ubeti wa tatu amekaa nalo.

Nikamuuliza kama bado anatunga. Akacheka kidogo. Akasema analo daftari. Nyimbo 41, pamoja na nota za solfa, amekuwa akiziandika usiku baada ya shamba. Hakuna hata mmoja uliowahi kuimbwa na watu zaidi ya mkewe na watoto. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kutuletea. Hakunijibu, na nilijua sababu.

Nehemia aliwakusanya, akawaweka mahali pao. Jana niliwaeleza kina mama kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, na kabla ya sala ya kufunga walikuwa wameshaanza kuandika majina na kiasi kwenye karatasi: nauli ya mwalimu kutoka Ifakara na kurudi, posho lake la wiki mbili, na mtu wa kumpepetea mpunga akiwa huku. Hilo la mtu wa mpunga alilisema mjane mmoja ambaye sitamtaja, na ndiye aliyetoa wa kwanza. Mimi nimeifuta ile flashi. Nimebaki na nyimbo zetu kumi, kwa ruhusa ya mwenyewe.

Daftari linatangulia na basi la Ijumaa. Mwenye kujua kusoma solfa anitafute kabla ya siku hiyo, na wa sauti ya tatu waje wote.