Hita ya gesi inawaka kisha inazima: nilivyoiponya bila kununua bodi

Ukiita fundi hapa Arusha ukamwambia hita ya maji ya gesi inawaka kisha inazima, jibu unalijua kabla hajafika: "Kaka, hiyo bodi imekufa." Bodi ni kile kiboksi chenye nyaya kinachopokea umeme wa betri na kupiga cheche. Niliambiwa hivyo na zaidi ya fundi mmoja, na bei ilikuwa inacheza kwenye elfu hamsini mpaka sabini kutegemea umekutana na nani. Sikununua. Hita yangu ya lita 6, iliyofungwa ukuta wa nje wa bafu huku Sakina, ina bodi ile ile iliyotoka nayo dukani, na maji ni ya moto hata Julai, mwezi ambao hapa mjini hakuna anayeoga ya baridi kwa hiari.

Kinachoniudhi ni kwamba hita yenyewe inasema inaumwa wapi. Maji yakipita, yanasukuma dayaframu ya mpira; dayaframu inabonyeza swichi ndogo; swichi inaamsha bodi; bodi inapiga cheche na kufungua valvu ya gesi; moto ukiwaka, kuna pini nyingine inayokaa ndani ya moto na kuijulisha bodi kwamba mambo ni salama, valvu ibaki wazi. Basi simama karibu, mtu afungue koki ya maji ya moto, wewe sikiliza na uangalie saa. Kimya kabisa bila cheche: tafuta kwenye betri, swichi au presha ya maji. Tatatata bila moto: gesi haifiki. Imewaka ikazima ndani ya sekunde chache: pini ya kuhisi moto, au betri zilizochoka zisizoweza kuishikilia valvu. Imewaka vizuri dakika kadhaa ndipo ikafa: bodi iache ilivyo, tatizo liko kwingine. Na kama inazima kila ikifika dakika 20, hiyo si hitilafu. Hita nyingi zimewekewa kikomo hicho kiwandani kwa usalama. Funga koki, fungua tena.

Yangu ilikuwa na magonjwa mawili yaliyopandana, la sekunde na la dakika, ndiyo maana kila fundi aliona dalili tofauti.

Betri ni zile kubwa mbili za volti 1.5. Nunua za alkalaini, za bei ya chini huchoka upesi. Maji nayo usiyadharau. Kwenye kibati cha hita nyingi pameandikwa presha ya chini kabisa kuwa MPa 0.02, yaani mita 2 za maji. Kama tenki lako limekaa juu ya mnara mfupi na kitako chake hakijaizidi hita kwa mita 2, swichi haitabonyezwa hata ubadilishe kila kifaa. Kuna pia kichujio kidogo cha wavu pale maji yanapoingilia, na mchanga wa mabomba yetu hukijaza. Kifungue, kisuuze, kirudishe.

Pini ya kuhisi moto niliisafisha hivi. Funga mtungi, toa betri, vua kava la mbele. Utaona pini zimekaa mbele ya safu ya bana, yaani pale gesi inapotokea na kuwaka: ya cheche imekaribiana na chuma kwa kama milimita 4, na ya kuhisi imesimama pale ndimi za moto zinapopita. Ya kwangu ilikuwa na ganda la kijivu, gumu, la kung'aa kidogo kama kucha. Umeme unaopita hapo wakati moto unawaka ni mdogo mno, wa kupimwa kwa mikroampea, kwa hiyo ganda jembamba tu linatosha kuukata na bodi ikaamini moto haupo. Msasa laini kabisa, pitisha taratibu mpaka chuma cheupe kitokeze, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Usiipinde pini, na usiubane ule udongo mweupe unaoishikilia. Ukipata ufa, umeme utapotelea hapo na hutaona umepita wapi.

Baada ya hapo moto ulishika, haukuzima tena kwenye sekunde za mwanzo. Ukabaki ule ugonjwa wa dakika: moto unapungua polepole, maji yanakuwa vuguvugu, puf, umekufa. Ukipumzisha nusu saa, unarudi. Hapa ndipo ushauri mbaya ulipomiminika. "Wamekuuzia gesi mbovu." "Laza mtungi." "Mwagia maji ya moto." Nasema kwa herufi kubwa moyoni: USILAZE MTUNGI. Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika, na kinachotakiwa kutoka juu ni mvuke. Ukiulaza unapeleka kimiminika kwenye regulata, na kikifika kwenye bana kinageuka mvuke mwingi kwa mpigo mmoja. Moto utakaouona hutaupenda. Maji ya moto nayo hupandisha presha usiyoweza kuipima.

Nilichofanya ni kulitumia jiko kama kipimo. Jiko na hita vilikuwa vinakula mtungi mmoja wa kilo 6 kupitia tii, kiungio cha njia tatu. Niliwasha plati moja, nikaiweka kwenye moto wa kati, nikamwomba mtu afungue shawa, macho yangu yakiwa kwenye ndimi za jiko. Hita ilipodaka tu, moto wa jiko ulinywea. Kadiri dakika zilivyokwenda ukazidi kulala, mpaka hita ikazima, na jiko likainuka lenyewe. Ushahidi gani tena unautaka? Kama kosa lingekuwa ndani ya hita, jiko lisingeshtuka. Nikagusa mtungi: sehemu ya chini ilikuwa baridi ya kuuma, ina umande, na ule mstari wa umande ndio ulioonyesha kimiminika kimebaki kimo gani.

Hesabu yake ni rahisi. Hita ya lita 6 ni kama kilowati 12, na kilo moja ya gesi inatoa kilowati-saa 12.8 hivi, kwa hiyo inakula karibu kilo moja kwa saa. Plati ya jiko inakula kama kilo 0.2. Gesi ikigeuka kutoka kimiminika kuwa mvuke inanyonya joto la mtungi wenyewe, na mtungi mdogo hauna ukuta wa kutosha wa kuvuta joto la nje, hasa asubuhi ya baridi. Ukishuka chini ya nusu hali inazidi kuwa mbaya, maana kimiminika kinagusa eneo dogo. Ndiyo sababu ukileta mtungi mpya hita inachangamka, na watu wanamlaumu muuza gesi bila kosa.

Hita nikaipa mtungi wake wa kilo 15, na regulata ya presha ndogo iliyoandikwa kg/h 1.5, yaani inapitisha kilo 1.5 za gesi kwa saa, ya milibaa 30 hivi. Ile ya presha kubwa ya majiko ya mahoteli isiguse hita kamwe. Viungio vyote nikapaka povu la sabuni nikaangalia mapovu. Njiti ya kiberiti haipimi uvujaji, inaukuta.

Kama moto wako ni wa njano na vyuma vya juu vina masizi, habari ni nyingine. Angalia presha ya gesi kwenye kibati: 2800 Pa (paskali) ni hita ya mitungi, 2000 Pa ni ya gesi asilia ya bomba, matundu yake ni makubwa kwa gesi yetu, irudishe dukani. Kibati kikiwa sawa, tafuta utando wa buibui kwenye midomo ya bana inayovuta hewa, utoe kwa brashi laini, usichokonoe matundu ya gesi kwa sindano. Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ni pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko Dar, kwa hiyo utando ambao Pwani ungevumilika huku unatosha kuleta masizi. Na moto wa njano unatoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu, inayoua mtu akiwa anaoga. Hita ya namna hii haifungwi ndani ya bafu, hata kama kuna dirisha, hata kama fundi anasema bomba la maji litakuwa fupi.