Mtoto wa miaka mitatu ni wa wizara gani?

Jamani hebu tuongee hili. Hapa Tanzania mtoto wako akiwa dei kea yuko chini ya ustawi wa jamii, yani Wizara ya Maendeleo ya Jamii, akianza tu darasa la awali kahamia Wizara ya Elimu na TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa), na mara nyingi ni jengo lilelile, dada yuleyule, uji uleule! Mwenye kituo ndo anahangaika, huku usajili wa dei kea kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, kule usajili wa shule, wakaguzi tofauti, fomu tofauti.

Kwa haki yake serikali imeliona, Desemba 2021 ikazinduliwa ile programu jumuishi ya MMMAM, yani Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inataka afya, lishe, malezi, ulinzi na ujifunzaji viende pamoja kwa watoto wa 0 hadi 8. Nzuri. Ila programu sio sheria, na Sera ya Elimu toleo la 2023 bado inaanzia na awali mwaka mmoja, sasa huyu wa miaka mitatu ambaye mama yake yuko sokoni tangu alfajiri anaenda wapi? Kwa jirani, ama anabebwa mgongoni.

Sweden walihamishia dei kea wizara ya elimu 1996, wakaziandikia mtaala wa taifa 1998. Wao wana hela sawa, lakini kuamua nani anawajibika nako kunataka bajeti? Mi naona tuanze na usajili mmoja tu, na mafunzo ya walezi yatambulike hadi kwenye mshahara, maana wale kinadada wanalipwa vihela vya ajabu.