Mtindi kwenye paji la uso

Jana mama watoto kaweka maziwa mgando kwenye kile kijungu cha udongo, mi nikafunua nionje, nikainama nikabaki hapohapo. Binti yangu ananiuliza, "Baba, mbona unayanusa tu huyanywi?" Nikamwambia nenda kacheze.

Harufu ile ya udongo na maziwa ni Bhaktapur kabisa. Wakati ule nilikuwa kazini Doha, Qatar, chumba kimoja watu sita. Mmoja wa wale sita alikuwa Mnewari, kabila la bonde la Kathmandu, kwao mji wa Bhaktapur, Nepali, dogo ananiita dai, yaani kaka, na Aprili 2014 likizo zetu zikagongana, akasema dai twende kwetu ukaone mwaka mpya. Nikaenda. Mama yangu Tanga nikamwambia likizo imesogezwa mbele.

Mwaka wao mpya ule kwa kalenda yao ulikuwa wa 2071, sherehe inaitwa Bisket, siku tisa, mji wa juu na mji wa chini wanavutana kwa kamba gari la mbao la mungu Bhairava, mi nilisimama mbali maana magurudumu yale yakikupitia hakuna stori tena. Wanasema bonde lote lile zamani lilikuwa ziwa, Manjushri, mtakatifu wa Kibudha, akakata mlima kwa upanga maji yakatoka. Wataalamu wa miamba nao wanakubali ziwa lilikuwepo, upanga ndo hawautaji. Halafu Nyatapola, hekalu la paa tano la mfalme Bhupatindra Malla, 1702. Pembeni ya ngazi kuna masanamu mawilimawili, wanamieleka chini, juu yao tembo, juu ya tembo simba, hivyohivyo kwenda juu, kila jozi ina nguvu mara kumi ya walio chini yake. Aliyemo ndani ni mungu wa kike, Siddhi Lakshmi, ila humwoni, wanaoingia ni makuhani tu. Nikamuuliza dogo, kwani nyie ni Wahindu au Wabudha? Akasema hekalu lile tunaenda na lile tunaenda, tatizo liko wapi dai?

Siku moja akanipandisha Changu Narayan, kilimani nje ya mji, kuna nguzo ya mawe yenye maandishi ya mwaka 464. Mi nikadhani ni vita tu na majina ya wafalme. Kumbe humo mfalme Manadeva anasimulia baba yake alivyofariki, mama yake akataka kumfuata mumewe, na yeye akamsihi mpaka akakubali kubaki hai. Miaka 1,550 mtu anambembeleza mama yake kwenye jiwe. Nilikaa kimya kidogo pale, nikaikumbuka simu ya Tanga.

Sasa asubuhi ya kuondoka. Jiko la nyumba zao liko ghorofa ya juu kabisa chini ya paa, boriti ziko chini, nikagonga kichwa kama kila siku, mama yake dogo akacheka kama kila siku. Akanikalisha kwenye mkeka. Mbele yake sahani ya shaba, ndani mchele, unga mwekundu na mtindi kutoka kijungu cha udongo, akavichanganya kwa vidole taratibu, hana haraka kabisa, wakati teksi inapiga honi huko chini. Mi kichwani nawaza, hii si ni ibada hii? Ustadhi wangu wa chuoni Ngamiani akiniona je? Ule mkono unakuja, nimeshaona rojo jekundu linachuruzika kwenye kidole gumba, bado nina nafasi ya kusema samahani mama, na sikusema. Ukatua. Wa baridi, mzito, punje moja ya mchele ikateleza mpaka kwenye nyusi. Akanipa yai la kuchemsha na samaki mkavu mkononi, ndiyo baraka ya msafiri, halafu kikombe cha aila, gongo yao ya mchele. Hapo nikatikisa kichwa. Dogo akamweleza kwa Kinewari, maneno mengi, mama akanitazama, akainywa yeye, kikombe akanijazia mtindi.

Uwanja wa ndege wa Kathmandu nikaingia chooni nikanawa. Rojo lile likikauka linang'ang'ania, nikasugua mpaka ngozi ikawaka. Natoka chooni, kwenye foleni ya kupanda ndege nakuta vijana kibao wanaenda Ghuba kutafuta riziki, na kila mmoja ana paji jekundu, wengine na mashada ya maua shingoni. Mwenye uso mtupu mi peke yangu. Dogo akanitazama, hakusema kitu. Sijui hata leo ningefanya nini.

Aprili 25, 2015 likapiga lile tetemeko, watu karibu 9,000 wakafa. Nyatapola ilibaki imesimama, hekalu la Vatsala Durga likawa kifusi. Dogo kapiga simu kwao siku mbili hapati, ya tatu mama akapokea, mzima, analala nje chini ya turubai na majirani. Akauliza, yule dai wako Mwafrika alifika salama?

Mama yangu hadi leo anajua likizo ile ilisogezwa.