Lazy loading failed, wala siyo chanzo chenyewe

Jamani hii R (lugha ya programu ya takwimu) leo imenitoa jasho. Pakeji yangu ilikuwa inabild vizuri tu, nikaapdeti R na pakeji zote, basi narun R CMD check, komandi ya kukagua pakeji, naambiwa "lazy loading failed" halafu inafuta kila kitu ilichoinstall. Ukigugo hiyo meseji utapata majibu mia ya kila aina kwa sababu hiyo siyo chanzo, hiyo ni kelele ya mwisho tu, chanzo kinakaa mistari miwili mitatu juu yake na check ikikuficha fungua faili la 00install.out kwenye folda ya .Rcheck utayaona yote.

Kwangu ilikuwa imeandika object fulani "is not exported by namespace", yaani pakeji ninayoitegemea imetoa vesheni mpya na ile fankshen wameiondoa, mimi bado naiita kwa importFrom, mstari wa kuazima fankshen ya pakeji nyingine 😩 Nikatoa mstari huo kwenye komenti za roxygen (zile roxygen2 inazisoma kuandika faili za pakeji), nikarun devtools::document(), ikapita. Msiingie NAMESPACE, faili la pakeji linaloorodhesha fankshen unazoazima na unazotoa, kwa mkono, roxygen2 wameandika kabisa pale juu usiguse, na ukirun document tena inaandika upya kila ulichochomeka.

Wa Windows wenye kodi ya C++, Rtools (zana za kucompile kodi hiyo) iendane na R yako, R 4.4 inataka Rtools44, ya zamani itakusumbua bure.

Sasa kwenye check zimebaki NOTE mbili, yaani maonyo madogo, hizo kesho.