Hamri Juu ya Betri

Gari langu lilinizimikia ndani ya feri ya Likoni, Mombasa. Saa kumi na mbili unusu asubuhi, masinia manne ya mahamri kwenye buti, na wateja wangu wa mjini wananywa chai saa moja. Nilizima injini tulipopanda, kama siku zote. Tulipofika upande wa kisiwani nikapindua ufunguo: tak, tak, tak. Honi nyuma yangu zikaanza. Vijana wakaja mbio wakidhani wakinisukuma itawaka. Nikawaambia, "Wanangu, hii ni automatiki, haiwaki kwa kusukumwa." Basi wakanisukuma tu nitoke njiani, na ule mlima wa kutokea feri mnaujua. Juu huko dereva wa teksi akanijampia kwa betri yake.

Betri ilikuwa na miaka miwili na ushee. Sikuilaumu. Joto letu hukausha maji ya betri na kula bamba za ndani polepole, wewe huoni kitu mpaka siku una haraka.

Kosa langu lilianzia dukani, nilikoenda kununua mpya. Kijana muuzaji hata boneti hakufungua. "Mamangu, chukua NS70L. Kubwa ndiyo nguvu." Nikaona ana akili. Nikalipa, nikawaachia ile kuukuu wanipunguzie bei, akanifungia. Nilipochungulia, betri imepanda juu ya ukingo wa trei yake, kile chuma cha kuibana hakifiki, na mahali pake pamefungwa mpira wa tyubu. "Haiendi popote," akasema.

Siku ya pili, kila tuta nililopita Kongowea nilisikia kitu kikigonga. Nikaenda kwa fundi wangu Majengo, mzee ambaye hakutani na mtu bure. Akafungua boneti, akatazama, akaniuliza, "Una hamri hapo?"

Nilidhani ana njaa. Akalichukua, akaliweka juu ya kichwa cha chanya cha betri, akateremsha boneti taratibu mpaka ikajifunga, kisha akaifungua. Hamri langu limekuwa chapati. "Umeona? Bati la boneti ni hasi. Siku hii ikiruka kwenye tuta vikagusana, utapika mahamri humu humu."

"Sasa ami, nilitaka yenye nguvu."

"Nguvu si ubaya. Ikizidi kidogo, oltaneta inayoichaji haidhuriki, mradi iingie mahali pake. Hii haiingii. Ya zamani iliandikwaje?"

Sikujua. Tukarudi wote wawili dukani, na betri yangu tukaikuta nyuma kwenye lundo la mbovu. Nikataka kuifuta kwa ncha ya leso, akanipiga mkono: tindikali ingeitoboa. Akaifuta kwa gazeti. 46B24L.

Maandishi yale nilikuwa nayachukulia kama nambari za kiwandani tu, kumbe ndiyo vipimo vyenyewe. Hiyo 46 ni daraja la nguvu, wala si saa za ampea kama nilivyodhani. B ni upana, kama sentimita 13. Ile NS70L niliyouziwa ni D, inazidi 17. Mimi mpishi, ningepaswa kujua kuwa sufuria haiingii jikoni kwa kuwa unaitaka. 24 ni urefu kwa sentimita. L ni upande wa chanya: ukisimama vichwa vikiwa karibu nawe, chanya iko mkono wa kulia. Ndiyo, L na bado ni kulia, hata mimi nilimrudisha aseme tena. Madukani kwetu nyingi za umbo hilo huitwa NS60L.

Yule kijana akaleta NS60 isiyo na L, chanya kushoto. "Tutaigeuza, waya zitafika." Fundi akacheka kidogo, akaivuta waya ya chanya mbele yake: imepungua kiganja kizima. Ikaja nyingine, L sawa, lakini ina S mwishoni, vichwa vinene, na klempu zangu ni za vichwa vyembamba. "Nitazipanua." Nikasema hapana, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilijihisi najua ninachokisema.

Ya nne ndiyo ikaingia. Ikakalia trei yake bila kubishana, chuma kikaibana, nati mbili. Fundi akaweka mita: volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, 14.2 ilipowaka, basi oltaneta nayo nzima. Dukani walinikata pesa kwa kuitumia ile kubwa siku mbili. Nilinuna, lakini sikubishana sana, masinia yalikuwa yananingoja.

Ule mpira wa tyubu sikuutupa. Unafunga kifuniko cha ndoo yangu ya unga.