Umbo la picha kwanza, kadre baadaye

Watu wengi hapa Lubumbashi wananunua kadre, yaani fremu ya picha, kwanza. Wanapita mjini, wanaona moja yenye ukingo wa dhahabu, wanaipenda, ndipo wanaanza kutafuta picha ya kutia ndani. Mimi nawasihi mgeuze mpango huo. Picha ina umbo lake tangu siku ilipopigwa, na umbo hilo ndilo linaloamua nani atabaki ukutani na nani atakatwa.

Mama alinipa kazi ya kupanga ukuta wa sebule yake Katuba, na picha alizonikabidhi zilikuwa za kila aina. Nkambo, yaani babu, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines, yumo kwenye picha ya studio ya mraba, sentimita 8 kwa 8. Arusi ya mama ni ya 9×13, kipimo kilichokuwa cha kawaida zamani hizo. Komunio ya wajukuu ilipigwa kwa aparei (kamera) kubwa ya kaka yangu. Zilizobaki zote ni za simu.

Tuanze na simu, maana ndiyo inayoleta kilio. Simu nyingi zinapiga picha ya uwiano wa 4 kwa 3. Karatasi ya 10×15, ambayo labo zote za kuchapisha picha zinayo na ndiyo ya bei nafuu, ni 3 kwa 2. Picha ya simu iliyolala ikijaza urefu wote wa sentimita 15, upana wake unahitaji 11.25, na karatasi ina 10 tu. Sehemu moja kati ya tisa inakwenda. Kama watu wamesimama wamebanana mpaka juu, zinakwenda nywele na vilemba. Simu ikiwa imesimamishwa, anayekwenda ni yule wa pembeni. Katika familia zetu wa pembeni mara nyingi ni shangazi aliyechelewa kufika, na ndiye atakayeuliza kwa nini hayumo. Labo moja mjini iliwahi kutukatia shangazi namna hiyo, hata bila kutuuliza. Tangu hapo namwambia fundi kabla hajabonyeza: usikate, acha ukingo mweupe.

Kwa simu, karatasi zinazokaa sawasawa ni 15×20 na 30×40. Ile ya 13×18 inakaribia sana: inakula nusu sentimita tu, na mara nyingi hakuna anayeigundua. Kwa aparei ya kaka, ambayo ni 3 kwa 2, chukua 10×15, 20×30 au 30×45. Jihadhari na 20×25. Kadre zake zimejaa madukani na zinapendeza, lakini picha ya aparei ikiingia humo inapoteza sehemu moja ya sita ya urefu wake. Kwa picha ya komunio, yenye watoto wamepangwa mstari, hiyo ni mtoto mzima.

Je, picha ya simu inaweza kufika 30×40 bila kuharibika? Inaweza. Simu ya megapikseli 12 inatoa pikseli 4000 kwa 3000. Kwenye sentimita 40 unapata nukta kama 254 kwa kila inchi. Wengi wanataka 300, lakini picha ya ukutani haisogelewi kama kitabu, na 254 inatosha kabisa. Kinachoharibu ni njia ya kuipeleka labo. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa sana. Itume kama dokima (faili la hati), au beba simu na kebo uende mwenyewe.

Sasa kadre. Vipimo vilivyobandikwa mgongoni ni vya karatasi inayoingia, siyo vya sehemu inayoonekana. Mdomo wa kadre unafunika karibu nusu sentimita kila upande, kwa hiyo maandishi au mkono ulio ukingoni kabisa utafichwa. Halafu kuna mgongano wa inchi na sentimita. Mashine nyingine zinachapisha kwa inchi: 8×12 kwao ni sentimita 20.3 kwa 30.5, na kadre yetu ya 20×30 haiipokei bila mkasi. Karatasi ya A4 nayo, 21 kwa 29.7, watu wanailazimisha kila mwaka wakati wa diploma. Haiingii. Tafuta kadre iliyoandikwa A4, basi. Mimi natembea na mita ya fundi cherehani kwenye mkoba na napima nyuma, pale kioo kinapokaa. Muuzaji akinuna, anune.

Picha ya nkambo ndiyo iliyonipa furaha. Ile ya asili haikwenda ukutani. Imelala ndani ya bahasha kavu. Nilii-skani kwa nukta 600, na kwa kuwa uchapishaji unataka 300, kipimo kinaongezeka mara mbili: 8 inakuwa 16 bila kupoteza kitu. Nikachapisha 15×15. Kadre ya mraba sikuipata dukani hata moja, ikabidi niende kwa seremala, naye akaniita kwa heshima na kunikatiza kabla sijamaliza vipimo vyangu: «Yaya, leta picha yenyewe. Mi napima ile inaonekana kwa macho.» Mtu wa kazi huyo. Tulitia pasipartu, ile kartoni nyeupe yenye dirisha: dirisha 14 kwa 14 ili lishike kingo za picha, sentimita 6 juu na pembeni, 7 chini, kwa sababu ukingo wa chini ukilingana na wa juu jicho linaona picha kama inateleza. Kioo kikawa 26 kwa 27, na mbao akaziachia milimita mbili za kupumua.

Hiyo pasipartu si pambo tu. Inatenga picha na kioo. Masika yetu yana unyevu, na picha iliyogusa kioo miaka mingi inashikamana nacho. Ukiibandua inabaki nusu. Nimeona picha za marehemu zimepotea hivyo katika nyumba za watu, na inauma, maana zilikuwa za pekee.

Arusi ya mama imepanda kutoka 9×13 hadi 13×18. Maumbo hayalingani kabisa, inabaki michirizi miwili myeupe ya karibu milimita tatu, na mdomo wa kadre unaimeza. Hakuna aliyekatwa.

Mahali pa kutundika tulibishana. Mama alitaka juu karibu na dari, kama ilivyokuwa kwa wazazi wake. Mimi nilitaka chini zaidi, kwa kuwa sebuleni watu wanakaa, na wajukuu ni wafupi. Pia nilikataa ukuta unaotazama dirisha, jua la mchana lingekula rangi. Tulikubaliana ukuta wa mlango wa jikoni, na nkambo awe usawa wa macho ya mama akiwa kitini. Bado kuna nafasi ya 30×40 moja, na dada zangu watatu kila mmoja ana picha yake anayoitaka hapo.